Nakala ya Tano

Nilizungusha mashine mara nne au mara tano? Swali hilo liliniondolea usingizi kwa wiki mbili, mwanzoni mwa mwaka 1994. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na shahada ya jiografia, nikiwa katibu wa timu ya mpira ya chuo kimoja cha ufundi hapa Kigali. Nilikuwa nimechapa karatasi moja, nikatoa nakala, na kila nakala nilijua iko wapi. Moja kwa dereva. Moja kwa kocha. Moja ukutani ofisini. Moja ndani ya daftari langu. Nne. Nikifika nne napumua, nageukia ukutani, kisha kidole cha tano kinaanza kuniwasha.

Nimestaafu mwaka huu, na ninyi mnaolibeba sasa sanduku la leseni za wachezaji mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichoujaza mpira hewa. Nitaandika juu ya msimu mmoja tu, wa kwanza niliouendesha peke yangu, kwa sababu kila nilichowakataza baadaye kilitoka humo. Mlipokuwa mkiniuliza kwa nini siandiki anwani ya mchezaji popote, nilikuwa nawajibu kwamba nina kichwa kizuri. Sina kichwa kizuri.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1992, nilivaa tai. Mzee Idi, dereva wa chuo, alikuwa ameegemea ile Toyota yetu yenye turubai, anakula embe. Alikuwa mtu wa Nyamirambo, ameendesha timu tangu kabla sijajua kusoma. Aliitazama tai, akanipa pampu.

"Sindano unalowesha na mate, Katibu. Ukiingiza kavu unaua mpira."

"Na hii tai?"

"Tai iko kazi yake. Nyavu ya goli la chini iko na tundu."

Nilidhani ananitania. Saa kumi jioni kocha alinituma kuziba tundu la wavu na hapakuwa na kamba. Tai yangu ya buluu ilikaa pale misimu miwili, na ndiyo mchango wangu wa kwanza kwa soka.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: pampu, mipira mitatu (mmoja wa mechi, miwili ya kusikitika), gunia la chokaa, kamba yenye mafundo ya kupimia mistari, ndoo ya limau zilizokatwa vipande vinne kwa ajili ya mapumziko, na sanduku la mbao la leseni. Sanduku ndilo roho ya kazi. Kabla ya mechi wachezaji hupangwa mstari pembeni mwa uwanja, mwamuzi anashika leseni moja moja, anatazama picha, anataja jina. Mchezaji anapiga hatua mbele na kutaja mwaka na mahali alipozaliwa. Akikosea, hachezi. Mwanzoni nilikuwa natetemeka kuliko wao. Nilikuwa nakagua leseni mara tatu alfajiri, mara moja njiani, na mara moja chooni.

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa leseni, lilikuwa kuchelewa. Wachezaji wetu wengi hawakulala chuoni. Waliishi kwa ndugu, Gitega, Nyakabanda, mmoja mbali kabisa kule Ndera. Miaka ile ya vita, njia zilikuwa na vizuizi, na kijana anayetembea na begi la viatu alisimamishwa kila kona akaulizwa kitambulisho. Vitambulisho vya wakati ule viliandikwa ubwoko, yaani kabila la mtu: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kuna wachezaji waliopita kizuizi kwa dakika moja, na wengine walioketishwa chini saa nzima mpaka mechi imeanza. Kwa hiyo Mzee Idi aliwafuata nyumbani kwa gari la chuo. Njia zote alikuwa nazo kichwani. Mitaa haikuwa na namba. Nyumba ulizijua kwa muuza mkaa, kwa mti uliokatwa, kwa rangi ya mlango.

Oktoba 1993, siku ya mechi ya pili ya msimu, Mzee Idi aliamka na malaria. Dereva wa kukodi alizunguka mji saa mbili akaleta wachezaji saba na mtu mmoja asiyekuwa mchezaji, aliyepanda kwa sababu aliitwa. Tulifungwa sita. Kocha Vianney, ambaye hakuwahi kupaza sauti, aliniambia polepole, "Katibu, wewe si umesomea ramani?"

Basi nikatengeneza Karatasi ya Njia.

Naomba mnielewe: ilikuwa kazi nzuri. Nilitembea kwa miguu siku nne, nyumba hadi nyumba, wachezaji kumi na sita, nikiandika kila alama. Nikaichapa kwenye stensili, nikaizungusha kwenye mashine ya wino ya Madamu Josée, karani wetu wa ofisi. Bado naikumbuka mistari yake kama wengine wanavyokumbuka sala. Wa kwanza alikuwa kipa wetu:

"Callixte. Nyakabanda. Pita fundi viatu, kutoka bombani njia ya pili kushoto, mlango wa buluu wenye tundu lililozibwa kwa kitambaa chekundu. Anaishi na mama na dada wawili. Honi tatu fupi. Asipotoka, gonga dirishani, si mlangoni. Mama husikia zaidi upande huo."

Nilimpelekea Mzee Idi nakala yake. Aliisoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akaikunja mara nane akaisukuma chini ya kiti cha gari.

"Hii karatasi iko naongea mingi, Katibu."

"Ni ya kukusaidia ukiugua tena, Mzee."

"Mimi nyumba zote najua. Lakini mtu akiniuliza, mimi naweza sahau. Karatasi haijui kusahau."

Nilidhani ni wivu wa fundi aliyeona kazi yake imeandikwa. Niliwaza juu ya wivu huo usiku kucha, nikapanga namna ya kumbembeleza. Ndivyo nilivyokuwa: niliweza kuwaza jambo pande kumi na mbili na kuukosa upande wa kumi na tatu, ambao ndio mlango.

Tulianza kushinda. Timu iliyofika nzima, ikiwa imekaa garini na kucheka pamoja, ni nusu ya ushindi. Kufikia Noeli tulikuwa wa pili kwenye ligi ya vyuo.

Januari, kiangazi kikiwa kimeanza, nilimwona kwa mara ya kwanza uwanjani mtu aliyevaa koti la mvua. Koti la nailoni, rangi ya majani makavu, limefungwa vifungo vyote, jua likiwaka. Alisimama karibu na mstari wa kukaguliwa leseni. Sura yake niliijua, lakini sikukumbuka nimeiona wapi. Mwamuzi aliita jina la beki wetu wa kati, Tharcisse, na kabla Tharcisse hajafungua mdomo niliona midomo ya yule mtu ikisema mwaka na mahali. Akaitwa mwingine. Midomo ikatangulia tena. Wote kumi na mmoja, bila kukosea, bila sauti. Kisha akanitazama akaniinamia kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu mwalimu wake.

Kipindi cha kwanza mashabiki nyuma ya goli letu hawakupiga kelele. Walikuwa vijana kama ishirini, wamesimama tu, mikono mifukoni. Dakika ya thelathini ulipigwa mpira mwepesi, wa kudaka kwa mkono mmoja, na Callixte akageuka kutazama nyuma. Mpira ukaingia, ukagonga tai yangu, ukaanguka.

Wakati wa mapumziko hakuchukua limau.

"Katibu, kuna mtu nyuma ya goli anajua mlango wetu."

"Watu wengi wanaujua. Fundi viatu anaujua."

"Alisema, 'Mlango wa buluu.' Halafu akasema, 'Kitambaa chekundu.' Taratibu, kama anasoma."

Kocha Vianney alimwambia makipa wote husikia sauti, ndiyo maana wamewekwa peke yao. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Callixte, huyo ni baba mkwe, amekuja kukagua nyumba." Callixte naye akacheka. Mimi niliendelea kukata limau mpaka nikajikata kidole.

Wiki iliyofuata Tharcisse alinifuata ofisini. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mpole, alifuga ng'ombe wawili wa shangazi yake kule Ndera, na hakuwa mtu wa kusumbua.

"Katibu, Jumanne mlipita nyumbani?"

"Jumanne hakuna mechi."

"Ndiyo. Lakini nimesikia honi. Tatu, fupi. Nikatoka na begi, nikijua Mzee Idi amekosea siku. Nikakuta gari jeupe. Ndani watu wanne. Wakanitazama, mmoja akasema, 'Ndiye,' wakaondoka."

"Walisema nini kingine?"

"Hakuna. Walipunga mkono."

Mzee Idi aliapa kwamba Jumanne gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki halina gurudumu, na ni kweli, mimi mwenyewe nilishika spana. Honi tatu fupi hazikuwa siri, mtu angeweza kuzisikia tu mtaani. Lakini kitambaa chekundu? Kwa kawaida mtu anayeeleza njia husema mlango wa buluu, akaishia hapo. Ni mtu mmoja tu Kigali nzima aliyeona haja ya kuandika rangi ya kitambaa.

Hapo ndipo nikaanza kuhesabu nakala. Ya Mzee Idi ilikuwa chini ya kiti, imekunjwa mara nane. Ya kocha ilikuwa ndani ya Biblia yake. Ya ukutani ilikuwa ukutani. Yangu nililala nayo. Nilikagua kama mtumishi anayetafuta kijiko, nyakati zote nikitumaini kwamba moja imepotea, maana iliyopotea ingeweza kuwa imeokotwa, na kuokotwa si kosa la mtu. Hakuna iliyopotea.

Baada ya wiki mbili nilimwuliza Madamu Josée. Alikuwa mama wa makamo, kucha zake nyeusi kwa wino wa miaka mingi, na kila mara alinisemesha kama mtoto wa dada yake.

"Madamu, ile stensili ya Oktoba, nilitoa nakala nne, sivyo?"

"Tano, Faustin."

"Nne. Ya dereva, ya kocha, ya ukutani, yangu."

"Na ya yule bwana je? Uliyempa kwenye bahasha?" Hakuacha kuchapa. "Mwenye koti la mvua. Ilikuwa inanyesha siku ile, Novemba. Ulimpa kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, huyu kijana amelelewa vizuri."

Nilikumbuka yote kwa mara moja, kama mtu anayewasha taa na kukuta mgeni amekaa kitini. Alikuja akiwa amelowa. Alisema ametumwa na ofisi fulani inayowasaidia wanamichezo kupata vibali vya kupita vizuizini, na anahitaji majina na makazi. Mimi nikawaza wale wanaoketishwa chini saa nzima. Nikafurahi. Nilimkaribisha kiti. Nilizungusha mashine mara ya tano kwa ajili yake, nikaomba radhi kwa wino hafifu. Vibali havikuja, nami nikawa na mambo mengine ya kuwaza.

Alirudi mwenyewe, mwanzoni mwa Machi. Aligonga mlango ulio wazi, akaingia, akasimama mbele ya karatasi iliyo ukutani na kuitazama kwa mapenzi.

"Katibu, kazi safi. Umesoma wewe."

"Vile vibali, bwana?"

"Viko njiani." Akatoa bahasha yangu kutoka kwenye koti. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, imeshikwa na mikono mingi. "Lakini watu wanahama. Huyu wa Gitega hayupo tena kwa mjomba wake. Tunaomba mpya kabla ya Pasaka."

"Huyo amehamia..." nilianza, kisha nikakohoa, nikaendelea kukohoa mpaka akanipa maji kutoka kwenye jagi langu mwenyewe.

"Usijali, utaandika. Na pembeni hapa umeacha nafasi." Akapitisha ukucha kwenye ukingo mweupe wa karatasi, juu mpaka chini. "Weka kile kilichoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Herufi moja tu inatosha. Nitapita Ijumaa."

Alipotoka alikirudisha kiti mahali pake.

Ilikuwa Jumatano. Nitawaeleza nilivyofikiri, maana huenda siku moja mtaketi kwenye kiti kama kile. Nikimpa, nimempa. Nikikataa, bado anayo ya zamani, na watu kumi na watano wako mlemle alimowakuta. Nikiandika herufi moja kwa wote, atajua, na nitakuwa nimempa majina mapya bure. Nikiandika milango ya uongo, hapo nilikaa sana, kwa sababu jiografia ndiyo kitu pekee nilichokijua: ningeweza kutengeneza mitaa mizuri, mabomba, mafundi viatu. Kisha nikaona kwamba nyuma ya mlango wa uongo pia kuna mtu amelala. Kuhusu kilichoandikwa kwenye kitambulisho changu mimi, sitakitaja hapa. Anayetaka kukijua anauliza swali la yule bwana.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Mzee Idi uani, anaosha gari. Nilimwambia yote, pamoja na ile mikono miwili. Hakusema "nilikwambia". Alikamua kitambaa chake, akaketi kwenye ukingo wa gari.

"Karatasi ile huwezi kurudisha."

"Najua, Mzee."

"Basi acha kufikiria karatasi. Fikiria watu. Nyumba haina miguu. Mtu iko na miguu."

"Wakiniuliza waende wapi?"

"Kwa mtu ambaye hukuandika." Akaniangalia. "Umeandika sana, lakini hukuandika dunia yote."

Nilitaka twende na gari. Alikataa. Gari la chuo na honi zake ndicho kitu ambacho wangekitambua kwanza. Alisema Ndera ni mbali kwa miguu yangu, ataenda yeye, ana shemeji kule, atapanda basi kama mgeni wa kawaida. Akavuta nakala yake kutoka chini ya kiti, imekunjwa vilevile mara nane, akaiweka mkononi mwangu.

Msimu ule haukumalizika, na mnajua kwa nini. Aprili yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kwa siku mia moja nchi ilikuwa na orodha nyingi kuliko mimi ninavyoweza kufikiria, nyingine bora kuliko yangu. Sidai kwamba karatasi yangu ilifanya hili au haikufanya lile. Wengine waliohama walikutwa walikohamia. Tharcisse alimsikiliza Mzee Idi mpaka mwisho, akashukuru, akasema hawezi kuwaacha ng'ombe wa shangazi. Hayupo. Callixte yupo, ana watoto wanne, na hajawahi kuniuliza. Mzee Idi alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake. Mtu wa koti la mvua sikumwona tena, ingawa kila kiangazi, nikiona mtu amevaa nailoni juani, huwa nahesabu milango ya chumba nilichomo.

Lakini mlitaka kujua nilifanya nini, na Alhamisi ile nilifanya hivi. Nilibandua karatasi ya ukutani. Nilimwomba Kocha Vianney yake. Aliifungua Biblia akanipa bila kuuliza sababu, kisha akaniuliza kama atafute kipa mpya, nikasema ndiyo, na wachezaji wote. Nilichukua stensili kabatini. Madamu Josée aliona, akageuza kiti chake akatazama dirishani. Nilichoma vyote pamoja na daftari langu katika jiko la chuo, chini ya sufuria ya maharage, na mpishi akalalamika kwamba stensili inanuka. Nikaacha ufunguo wa ofisi mezani kwa Madamu Josée. Ijumaa yule bwana wa koti angekikuta kiti changu kikiwa kitupu.

Saa nane mchana niliteremka Nyakabanda kwa miguu. Sikuwa na karatasi na sikuihitaji. Fundi viatu alikuwa pale, misumari mdomoni. Kutoka bombani nikaingia njia ya pili kushoto. Mlango wa buluu, tundu, kitambaa chekundu. Kila kitu kilikuwa kama nilivyoandika, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ilivyo rahisi kufika.

Niligonga dirishani, si mlangoni.

Mama Callixte alifungua, unga mikononi. "Katibu? Leo kuna mechi?"

"Hapana, Mama. Hakuna mechi. Mimi ndiye niliyeuandika mlango wenu. Nikampa mtu nisiyemjua. Leo msilale hapa."

Alinitazama kwa muda kama ule anaotumia mwamuzi kutazama picha na uso. Kisha akazunguka, akaufungua mlango, akachomoa kile kitambaa kwenye tundu, akakitikisa, akakifunga kichwani.

"Callixte yuko bombani kwa juu," alisema. "Mwambie aje kwa nyuma. Mimi nawaita wasichana."

Nilimkuta, nikamwambia. Halafu nikaanza kuteremka kuelekea Gitega, kwenye mlango wa pili.